Nani Chini?

Ujumbe ulinikuta kazini, nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya ukuta uleule niliokuwa nikiupiga nyundo nikiwa kijana. "Asalaam aleikum. Naitwa Mwanaisha binti Athumani. Ni muuguzi hapa Doha, naishi Rayyan. Baba amefariki mwezi uliopita, kwetu Lamu. Kabla hajatutoka alikutaja. Naomba nije nikuone." Niliusoma mara moja tu. Kisha nikaingia ndani, nikawaomba wageni wawili wasiguse kuta kama ninavyolipwa kuwaomba, nikaenda hadi mlango wa chumba cha tatu na kusimama pale bila kuvuka kizingiti. Huu ni mwaka wa pili ninailinda nyumba hii, ambayo sasa ni makumbusho, na sijaingia chumba hicho hata siku moja. Taa zake huzimwa na mwenzangu wa zamu; anadhani naogopa majini, nami nimemwacha adhani hivyo. Kuna swali niliwahi kuulizwa mbele ya karatasi kuhusu kilichotokea mle ndani, nikalijibu nusu. Nimeishi Maskati, nimeishi Juba, nimeendesha lori Mombasa na kuchunga geti Kampala, kila mji nikiuacha kabla haujanizoea, na kila mahali nilikwenda na ile nusu nyingine. Sasa binti wa Mzee Athumani alikuwa anakuja, na sikujua kama angeondoka nayo au ningebaki nayo tena.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na ngumi zangu zilikuwa nyepesi kuliko ulimi wangu. Tulikuwa wanane kwenye kikosi, tumeletwa kuvua paa la nyumba kongwe ya mfanyabiashara wa lulu, kubadilisha boriti zilizooza na kuziacha kuta kama zilivyo. Mhandisi alikuwa mama mmoja Mwingereza, shingo imeiva kwa jua, na mara kwa mara alileta wageni waliovaa kofia ngumu safi. Nikiwa juu ya ngazi nilimsikia akiwaambia kwamba nyumba ilijengwa wakati Malkia Viktoria alipokuwa ajuza, miaka ileile watu wake walipokuwa wakisimamisha stesheni za matofali mekundu na kuezeka masoko kwa chuma na vioo. Hapa mwenye lulu alichukua mawe ya matumbawe kutoka baharini, chokaa ya hapahapa, vioo vya rangi kutoka Bombay, na miti kutoka Afrika. Kiingereza cha kidato cha nne kilinitosha kuyaelewa hayo. Nilikuwa nimewahi kupakua magunia Mombasa katika ghala la zama hizohizo, lenye nguzo za chuma zilizoandikwa jina la mji wa mbali walikozisubu, na nililala chini ya nguzo hizo bila kuwaza kwamba kuna aliyezibeba. Wageni wa mhandisi walitazama juu wakasema ni pazuri sana. Mgongoni nilikuwa na mistari miwili mibichi, shati limegandia, na kwangu nyumba ile ilikuwa mahali pa kupigwa.

Kwa sababu tulipigwa. Nyapara wetu alikuwa Mkenya mwenzetu tuliyemwita Sajini. Aliwahi kuwa jeshini, au ndivyo alivyosema. Alitembea na kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono, upande mmoja ameuzungushia utepe mweusi ili usimteleze. Siku ya kwanza alitupanga uani akasema, "Mimi sisemi mara mbili. Mara ya pili anasema huyu." Hakutukawiza kulijua. Kijana mmoja wa Kisumu, Onyango, alitua karai la udongo ili apumue, na mpira ukamlamba shingoni kwa mlio ambao ulitufanya sote tuinue makarai yetu bila kuambiwa. Jioni, kwenye kambi yetu ya Abu Hamour, Onyango aligeuza shingo mbele ya kioo kidogo cha kunyolea akasema, "Cheki, wasee, nimewekewa laini kama barabara ya Mombasa. Sasa lori zipite kushoto." Tulicheka mpaka tukakohoa lile vumbi. Lakini kipigo hakiishii kwa aliyepigwa. Sajini alitupiga sisi, sisi tukaupiga ukuta, na ukuta ulipoisha tukarudi kambini kupigana wenyewe. Vitanda vilikuwa vinane, pangaboi moja, jiko moja la gesi lenye mafiga mawili. Niliwahi kuona mtu akimwaga maji yanayochemka juu ya miguu ya mwenzake kwa sababu ya zamu ya sufuria. Niliwahi kuvunja kidole cha mtu kwa sababu aliligeuza pangaboi upande wake, na usiku huo nililala vizuri.

Mtu mmoja tu hakupigana. Athumani tulimwita Mzee, ingawa alikuwa na umri nilio nao mimi sasa. Alikuwa mtu wa Lamu aliyekata mikoko tangu ujanani, mkavu, viganja vyake vigumu kama kwato. Siku ya Ijumaa alipika wali kwa nazi ya mkebe, akiutukana mkebe muda wote, kisha akatupakulia sote katika sinia moja, na kwa nusu saa hivi hakuna aliyemtupia mwenzake neno baya. Mara ya kwanza alipoingia nyumba ile alisimama kwenye kizingiti cha chumba cha tatu, akavua buti zake za kazi, akaziweka sambamba na kusukumia kamba zake ndani. Sajini aliangua kicheko. "We mzee, hapa ni kazini, si msikitini." Mzee Athumani akasema, "Hii ni nyumba ya watu, Sajini. Na hizi boriti ni za kwetu." Alinionyesha kwa kidole ncha ya mti mmoja uliotokeza ukutani, palipokuwa na alama za shoka, mikato miwili na mkia. Babu yake, alisema, aliweka alama hiyohiyo kwenye miti yake kabla ya kuipakia.

"Mzee, mti ni mti," nilimwambia. "Yote hii inafanana."

"Wewe mtu wa bara, kwako mti ni kuni."

"Sisi Wakamba ni wachongaji, usitucheze."

"Mnachonga vifaru vya kuwauzia Wazungu. Ushawahi kulala chini ya kifaru chako ukaamka mzima?"

Basi akanifundisha. Alinifundisha fito, pau, mazio na boriti, kila mti na unene wake na mzigo wake. Alinionyesha jinsi chumba kilivyokuwa chembamba na kirefu kama ukanda, akasema si mwenye lulu aliyeamua hivyo, na angekuwa na dhahabu kiasi gani asingeweza kukipanua. Mkoko ndio ulioamua. Mkoko ulikomea pale, na ukuta ukafuata kukaa pale. Na alinifundisha hodi. Kwao, alisema, boriti haing'olewi kimyakimya. Aliye juu anagonga mara tatu kwa mpini, anauliza, "Nani chini?" Aliye chini anajibu kwa jina lake mwenyewe, wala mwingine hamjibii, kisha anatoka. "Na asipojibu mtu?" nikamwuliza. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kama moto unachoma. "Kimya si jibu, Mutua. Ukisikia kimya unateremka, unatazama kwa macho yako." Kikosi kizima tuliishika desturi ile, hata Sajini akaiacha iwe. Siku nzima nyumba ililia majina: Onyango chini! Athumani chini! Mutua chini! Kwa miezi ile hapakuumia mtu kwa paa. Waliumia kwa mpira tu.

Mwezi wa tano joto lilipanda na Sajini naye akapanda. Alinipiga mbele ya wageni wa mhandisi kwa kuwa nilisimama kusikiliza. Jioni ile, tukiwa tunamenya vitunguu, nilimwambia Onyango kwamba Jumamosi nitakuwa juu ya ukuta wa mbele na Sajini atapita chini kama kawaida yake, na jiwe la matumbawe halina masikio. "Wacha ufala," Onyango akasema, lakini alikuwa akitabasamu, na mimi sikuwa natania. Mzee Athumani alikuwa ameketi kitandani akishona soli. Hakuinua kichwa. Ijumaa alikwenda kwa Sajini akamwambia asipite chini ya ukuta wa mbele siku ya pili yake. Aliapa hakutaja jina, nami leo naamini hakutaja. Sajini hakuhitaji jina. Alinipandisha juu ya paa mbele ya wote, akanipigisha magoti, na mpira haukukoma mpaka nilipotema jino na nusu ya jingine. Wakati wote ule nilikuwa namtazama Mzee, aliyekuwa akisema, "Basi, Sajini. Basi. Basi," kwa sauti ya mtu anayesali, na nilimchukia yeye kuliko aliyenipiga.

Jioni nilimkuta Mzee jikoni kambini, anasonga ugali wa semolina, maana unga wa mahindi ulikuwa haupatikani. "Umeniuza, Mzee." Akasema, "Nimekuokoa na kitanzi, mwanangu. Wewe ungemuua, na hapa ungeuawa." Hilo neno mwanangu ndilo lililonimaliza. Nilimpokonya mwiko nikampiga nao usoni, ugali ukiwa bado unafuka moshi, ukamgandia shavuni, na nilipoona anajaribu kuutoa kwa vidole na ngozi inatoka nao, nikampiga tena. Wenzetu walinivuta kwa nyuma. Hakunirudishia. Alikwenda kwenye bomba, akanawa, akageuka na lile shavu jekundu, akasema taratibu ili kila mtu asikie: "Kuanzia leo jina langu lisipite kinywani mwako, na lako halitapita kinywani mwangu, wala sauti yako sitaiitikia. Wallahi." Nikamjibu kwamba hata bila kiapo chake nisingelitaja.

Tulikaa hivyo siku sita. Nyumba iliendelea kulia majina, ila yetu mawili hayakukutana. Akiwa chini, aliye juu alikuwa mwingine. Nikiwa juu mimi, alitoka mapema. Wenzetu walitupanga hivyo kimyakimya, kama watu wanavyotenganisha mbwa wawili. Siku ya sita Onyango aliumwa tumbo, akalala uani, na mpango ukavurugika. Sajini akanituma nikaing'oe boriti ya katikati ya chumba cha tatu, iliyooza upande mmoja. Udongo wa paa tulikuwa tumeuondoa karibu wote na mikeka tumeikunja. Niliuchukua mtaimbo na nyundo nikaelekea kwenye ngazi, na ili ufike kwenye ngazi ilibidi upite mbele ya mlango wa chumba kile. Kwenye kizingiti kulikuwa na buti mbili, zimewekwa sambamba, kamba zimesukumiwa ndani.

Niliziona. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi nikaifuta, safari hii naiacha. Niliziona, nikajua ni za nani, nikajua yumo ndani akiitazama ile alama ya babu yake kabla boriti hazijaanza kushushwa, maana ndivyo angefanya. Kulikuwa na jina moja la kutaja. Mdomo wangu, ulio na pengo bichi, haukutaka kulitaja. Nikapanda. Nikagonga mara tatu. Nikauliza, "Nani chini?" mara moja, kwa sauti ya mtu anayetimiza sheria. Pakawa kimya. Kimya cha chumba kitupu ni chepesi, kinakurudishia sauti yako. Kile hakikunirudishia kitu. Nilisubiri, sijui muda gani, na nilichokuwa nikisubiri ni yeye ashindwe kwanza. Uani Sajini akapaza sauti, "Mutua! Unaubembeleza mti au unaung'oa?" Nikainua nyundo.

Pigo la kwanza lilitoa vumbi. La pili boriti ilishuka kidogo ikakwama. La tatu niliipiga kwa nguvu zangu zote na kwa kila mstari uliokuwa mgongoni mwangu, nayo ikachomoka, ikaburuta na jirani zake mbili, na ukingo wa ukuta uliokuwa umeegemea pale ukafuata, jiwe kwa jiwe. Hakupiga kelele. Kelele zilianza tulipomwondolea miti. Boriti ya katikati ilikuwa imelala juu ya paja lake na chini ya goti hapakuwa tena na mguu wa kuitwa mguu. Palikuwa na nyama, chokaa nyeupe, na mfupa mweupe kuliko chokaa. Unyayo wake mtupu ulikuwa umeelekea upande usio wake. Tulimbeba juu ya mlango uliong'olewa. Onyango alikuwa amekuja mbio, ameshika tumbo lake kwa mkono mmoja na ubao kwa mwingine, akilia kwa sauti kama mtoto, na mimi nilishika upande wa kichwa. Mzee Athumani alinitazama kutoka chini kwenda juu njia yote mpaka barabarani. Hakulitaja jina langu. Kiapo chake alikishika.

Hospitalini walimkata juu ya goti, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameshapandishwa ndege. Mimi niliitwa katika chumba chenye ubaridi mkali, mbele ya mtu mwenye faili, Sajini amesimama nyuma ya kiti changu. Niliulizwa kama nilijua kuwa kuna mtu ndani. Nikasema, "Niliuliza nani chini. Hakuna aliyejibu." Mtu wa faili akaandika. Ilikuwa kweli, na hakuna uongo niliowahi kuusema uliofanya kazi vizuri kama ukweli ule. Nje Sajini alinipiga begani. "Umekuwa mwanaume," akasema, na wiki hiyo akanifanya naibu wake. Alinipa kipande changu mwenyewe cha mpira, na utepe wa kuuzungushia. Niliubeba miezi mitatu. Nilijiambia naubeba tu. Siku moja mchana Onyango aliketi kivulini kabla ya muda, na sikumbuki kama niliamua. Nakumbuka mlio, na shingo ileile, na alivyogeuka kunitazama bila kujikinga. "Sasa ziko laini mbili, buda," akasema. Safari hii hakuna aliyecheka. Niliutupa mpira kwenye pipa la vifusi, nikamaliza mwezi nikiwa mbeba karai, kisha nikaondoka Doha, na miguu yangu haikutulia tena mpaka iliponirudisha kwenye ukuta huu.

Mwanaisha alikuja Ijumaa alasiri, amevaa buibui na viatu vya flati vya watu wanaosimama kutwa wodini. Nilimtambua kwa viganja kabla ya uso. "Ami Mutua?" akasema, na neno hilo, ami, ndugu wa baba, nililipokea kama mtu anayepokea kitu cha wizi. Nilinunua chai mbili za karak kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara, tukaketi barazani. Alinisimulia. Baba yake alikaa kibarazani miaka yote ile akisuka kamba, mkali kwa watoto, mpole kwa paka. Mama yake alimvusha vizingiti mpaka mgongo wake mwenyewe ukapinda. Siku za mwisho alimwita Mwanaisha kwa simu, akijua yuko Doha, akamwambia amtafute Mkamba mmoja, naye akaulizia kwa Wakenya wa hapa mpaka akaipata namba yangu.

"Alisema alikusikia, ami. Aliijua sauti yako. Alisema alinyamaza makusudi, kwa sababu alikuwa amekula yamini." Alikizungusha kikombe cha karatasi vidoleni. "Alisema, 'Nilimnunia mtoto wa watu mpaka paa likaniangukia. Yeye aliuliza, mimi sikumjibu, na bila shaka amejibebesha hilo maisha yake yote.' Ameniusia nikuombe radhi. Kwa hivyo nakuomba. Umuwie radhi."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kusema, nimesamehe, Mungu amrehemu, na tungemaliza chai yetu. Angeondoka na baba aliyekosea na mimi ningebaki na taa za kuzimiwa na mwenzangu. Kutoka chumba cha tatu nilisikia mgeni mmoja akimwambia mwenziwe kwamba ni pazuri sana.

"Niliona viatu vyake," nikasema.

"Viatu vipi?"

"Alikuwa akivua buti akiingia chumba kile. Ziliwekwa mlangoni. Nilipita nikaziona, nikajua yumo. Kisha nikapanda. Ilitosha nimwite kwa jina tu, Mwanaisha, na sikumwita. Nilijua, nikapiga."

Alikiweka kikombe chini polepole, kama anavyoweka sindano. Kisha akanizaba kofi, la mkono mzima, upande ule lilikotoka jino, na kabla sijainua uso akanizaba la pili. Wageni waligeuka. Mwenzangu wa zamu akaja mbio na redio yake mkononi, nikamwashiria arudi. Mwanaisha alikuwa akipumua kwa mdomo. "Mama yangu," akasema. "Mama yangu amepinda." Alisimama akinitazama muda mrefu kwa macho yale yaliyonitazama kutoka juu ya mlango uliong'olewa, nami sikuyakimbia, kwa kuwa hapakuwa na mji mwingine uliobaki wa kwenda. Mwishowe alijifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Nionyeshe ni chumba gani."

Nikatangulia. Wageni walikuwa wametoka. Boriti za juu zilikuwa mpya zote isipokuwa nne, na katika zile nne, upande wa kaskazini, ncha moja ilikuwa bado inatokeza na mikato yake miwili na mkia. Nilimwonyesha kwa kidole kutoka nje. Mwanaisha alifika kwenye kizingiti, akatazama juu, akaegemea mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, akavua viatu vyake na kuviweka sambamba. Aliingia peke yake mpaka katikati, akasimama pale, hakugeuka.

"Mutua," akasema. Hakusema ami.

"Niko hapa," nikajibu, na nikainama kufungua kamba za buti zangu.